Shahidi Asiye na Ulimi

Barua iliyonisukuma niandike maneno haya ilinifikia huku chuoni baada ya sala ya alasiri, nami niliisoma mara tatu kabla ya kuikunja. Mwandishi wake ni kijana wa kanda ya Ziwa, Tanzania. Bado hajasilimu, lakini kwa muda wa mwaka mzima amekuwa akiniandikia na kuuliza maswali mazuri juu ya dini. Safari hii hakuuliza habari za Utatu wala za kufufuka wafu. Aliandika kwamba kaka yake mkubwa amekamatwa kwa tuhuma ya kumwua jirani waliyekuwa wakigombania naye mpaka wa shamba. Polisi walilikuta shati lake likiwa na madoa ya damu. Kaka mtu anasema ni damu ya ng'ombe aliyemchinja siku ile arusini.

Kisha kijana akaongeza: "Maalim, mimi usiku ule nililala mapema, sikumwona aliporudi. Lakini mama anataka niende mahakamani nikaape kwamba tulikuwa chumba kimoja tangu saa mbili. Polisi nao wanasema shati limepelekwa kwa Mkemia Mkuu, na kwamba shati ndilo litakalosema. Je, shati lina neno kuliko mtoto wa mama mmoja?"

Ningeweza kumjibu kwa mistari miwili. Kuapa juu ya jambo usiloliona ni dhambi kubwa, na Kurani Tukufu imetuamrisha tuwe mashahidi wa haki hata kama ushahidi wetu utawaangukia wazazi wetu na jamaa zetu, ama utatuangukia sisi wenyewe. Hilo halina mjadala. Lakini lile swali la mwisho lilinikaa moyoni. Si swali la kijana huyo peke yake; ni swali la kila mtu anayesikia kwamba fulani amehukumiwa kwa sababu ya unywele, au tone la damu, au alama ya kidole, na hali hapana mwanadamu aliyemwona akitenda. Je, ni haki roho ya mtu itegemee maneno ya kitu kisichosema?

Wengi hudhani kwamba mambo haya yameletwa juzi na maabara za Ulaya. Sivyo. Msomaji aifungue sura ya Yusuf na kuisoma kama vile ingekuwa faili la kesi. Atakuta humo kanzu mbili. Ya kwanza waliileta ndugu zake kwa baba yao Yakub, ikiwa imepakwa damu ya uongo, wakadai kwamba mbwa-mwitu amemla. Wafasiri wengi wamesema kwamba kanzu ile haikuwa na hata tundu moja. Basi ni mbwa-mwitu gani huyo mwenye adabu, amlaye mtoto na kuisaza nguo yake nzima? Mzee Yakub hakudanganyika. Damu ilikuwapo, macho yaliiona, lakini damu ile haikuwa ya Yusuf.

Kanzu ya pili ni ile iliyochanwa katika nyumba ya bwana wa Misri, mkewe alipomshitaki Yusuf kwa jambo ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyelitaka. Hapa mna jambo ambalo naomba msomaji alitazame kwa makini. Alisimama mtu wa jamaa ya yule mwanamke akatoa kipimo: ikiwa kanzu imechanwa kwa mbele, mwanamke amesema kweli, ikiwa imechanwa kwa nyuma, amesema uongo. Akaweka sharti kwanza, ndipo kanzu ikatazamwa. Hakutazama kwanza halafu akatafuta maelezo ya kuipendezesha nafsi yake au ya kumwokoa jamaa yake. Mpaka leo hiyo ndiyo tofauti baina ya mchunguzi wa kweli na mchunguzi wa kupangiwa.

Tangu zamani, basi, vitu vimesemeshwa. Mwaka 1247 kadhi mmoja wa Uchina, Song Ci, aliandika kitabu cha kuwafundisha mahakimu namna ya kuchunguza maiti, na ndani yake mna kisa cha mtu aliyeuawa kwa mundu. Wanakijiji waliamriwa waiweke miundu yao yote chini juani. Nzi wakaja wakatua juu ya mundu mmoja tu, kwa sababu ya mabaki ya damu ambayo jicho la mtu halikuweza kuyaona, na mwenye mundu akaungama. Kadhalika miongoni mwa wanazuoni wa Kiislamu, Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, alipinga fikira ya kwamba uthibitisho ni hesabu ya watu wawili tu. Kwake yeye uthibitisho ni kila kinachoidhihirisha haki. Nawataja hawa ili ndugu zetu wasije wakaona haya mbele ya maabara, kana kwamba dini na hadubini ni maadui.

Sasa turudi kwenye shati la kaka yake. Je, damu ya ng'ombe na damu ya mtu zaweza kupambanuliwa zikiisha kukauka? Kwa maelfu ya miaka jibu lilikuwa hapana, na ndiyo sababu wauaji wengi walijificha nyuma ya mbuzi na kuku. Mwaka 1901 daktari wa Kijerumani, Paul Uhlenhuth, alitangaza njia. Sungura akidungwa damu ya mtu kidogo kidogo, mwili wake hujitengenezea kinga dhidi ya damu hiyo. Maji ya damu ya sungura huyo yakichanganywa na doa lililoyeyushwa, doa likiwa la mtu, mchanganyiko hutia ukungu mweupe. Likiwa la mnyama mwingine, hubaki safi. Katika mwaka uleule, watoto wawili wavulana waliuawa kikatili katika kisiwa cha Rügen. Seremala mmoja alikamatwa akiwa na nguo zenye madoa. Alisema baadhi ni rangi ya mbao na mengine ni damu ya ng'ombe. Uhlenhuth akayapima madoa mengi, moja baada ya moja, akaona kwamba mengine ni ya kondoo na mengine ni ya mwanadamu. Na kweli, wiki chache kabla ya hapo kondoo wa mtu walikuwa wamekatwakatwa malishoni kisiwani humo.

Ndugu msomaji, angalia uadilifu wa kipimo hicho. Lau yule seremala angalikuwa mchinjaji mnyofu, sungura yuleyule angalimwokoa. Kwa hiyo nilimwandikia kijana kwamba kama kaka yake anasema kweli, hapana wakili atakayemtetea vizuri kuliko shati lake. Siku hizi hawaishii kwenye kujua kama damu ni ya mtu au ya mnyama. Huweza kujua ni ya mtu gani, kwa kupima vinasaba. Tanzania ina sheria ya mambo hayo tangu mwaka 2009, na kazi hiyo imo mikononi mwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Lakini hapa ndipo hatari inapoanza, nami sitaki kumwacha msomaji akidhani kwamba tumekwisha kupata malaika wa kutuandikia matendo yetu humu duniani.

Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, katika wilaya ya Jalpaiguri huko Bengal, msimamizi wa shamba la chai alikutwa kitandani amekatwa koo, na fedha zake zimeibwa. Miongoni mwa karatasi zake ilikuwamo kalenda ya Kibengali yenye madoa mawili hafifu ya rangi ya kahawia. Calcutta ilikuwa na ofisi ya alama za vidole, iliyofunguliwa mwaka 1897, ambamo Azizul Haque, Mwislamu hodari wa hesabu, na mwenzake Hem Chandra Bose walibuni namna ya kuzipanga alama hizo ili zitafutike kwa upesi. (Utaratibu wao ulienea duniani kwa jina la mkubwa wao Mwingereza, Henry, mambo haya msomaji wa Afrika ameyazoea.) Doa moja likaonekana kuwa ni alama ya kidole gumba cha mtumishi wa zamani wa marehemu, ambaye alipata kufungwa kwa wizi. Mkemia akathibitisha kwamba doa ni damu. Mtumishi akakamatwa mbali sana na hapo, akaletwa mbele ya jaji.

Je, mahakama ilitoa hukumu gani? Ilimtia hatiani kwa wizi, ikamwachilia katika shitaka la kuua, kwa kuwa hapana aliyeona mauaji yakitendeka, na alama ile ilithibitisha tu kwamba mkono wake ulizigusa karatasi.

Wako wanaoicheka hukumu hiyo na kusema jaji alikuwa mwoga. Mimi kila nikiifikiri namwona kuwa alikuwa mtu wa kumcha Mungu, awe wa dini yoyote ile. Kidole kilisema, "Niligusa hapa nikiwa na damu." Hakikusema, "Nilikata koo." Yamkini yeye ndiye aliyeua, pengine mimi na wewe tungeamini hivyo. Lakini jaji hakukubali kulijaza pengo kwa kamba ya kunyongea. Wanazuoni wetu wa sheria nao walishika kanuni hiyohiyo, ya kwamba shaka huondosha adhabu.

Ama upande wa ulimi wa mtu, tusidhani kwamba huo ni salama zaidi. Imesimuliwa kwamba katika zama za Seyidna Ali r.a. mtu mmoja alikutwa kwenye gofu, kisu chenye damu kikiwa mkononi mwake, na mbele yake maiti. Akaulizwa, akakiri. Alipokuwa akipelekwa kuuawa, akaja mwingine mbio akipiga kelele kwamba muuaji ni yeye. Yule wa kwanza akaulizwa kwa nini alikiri jambo asilolitenda. Akajibu kwamba yeye ni mchinjaji, alikuwa amemchinja ng'ombe, akaingia gofuni kwa haja yake, akaikuta maiti. Na walinzi walipomkuta katika hali ile, nani angalimsadiki? Hapo kisu kilikuwa na damu ya kweli, na kinywa kilikiri, navyo vyote viwili vilielekea kumwua mtu asiye na kosa.

Kisa hicho kiliwahi kurudi katika zama zetu, karibu neno kwa neno. Huko Uingereza, katika vijiji jirani vya mkoa wa Leicestershire, wasichana wawili wa miaka 15 walinajisiwa na kuuawa, mmoja mwaka 1983 na mwingine mwaka 1986. Kijana wa miaka 17 akakamatwa, akaulizwa maswali mengi, mwisho akakiri kumwua msichana wa pili. Wa kwanza akamkana. Polisi waliamini kwamba muuaji ni mmoja. Wakamwendea mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Leicester, Alec Jeffreys, ambaye mwezi wa Septemba 1984 alikuwa amegundua kwamba ndani ya vinasaba vya kila mtu mna maandishi yanayojirudia kwa namna isiyofanana na ya mwingine, isipokuwa mapacha wa mimba moja iliyogawanyika. Walitaka awathibitishie kosa la pili ambalo kijana alilikataa. Jeffreys akapima, akaona kwamba kweli mtu aliyetenda maovu yale mawili ni mmoja. Lakini mtu huyo siye kijana aliyekiri.

Fikiri, ndugu msomaji. Vinasaba vilipoingia kwa mara ya kwanza katika kesi ya mauaji, kazi yao ya kwanza haikuwa kumfunga mtu. Ilikuwa ni kumfungua. Nao walioufungua mlango wa gereza ni polisi walewale waliokwenda kutafuta kufuli la pili.

Mwaka 1987 wanaume wa vijiji vile waliombwa kutoa damu ili ipimwe, nao wapatao elfu tano wakajitolea, na muuaji hakuonekana. Mashine ilishindwa? La, mashine ilidanganywa. Mtu mmoja, Colin Pitchfork, alikuwa amemshawishi mfanyakazi mwenzake akatoe damu kwa jina lake. Siri hiyo ikamponyoka mwenzake katika maongezi ya kilabuni, mwanamke mmoja akaisikia, akaenda kuwaeleza polisi. Pitchfork akakamatwa mwezi wa Septemba mwaka huo, damu yake ikalingana, na Januari 1988 akahukumiwa kifungo cha maisha. Basi damu ya maelfu ya wanaume ilikaa kimya, mpaka mwanadamu mmoja alipofungua kinywa na kusema alichokisikia, si zaidi na si pungufu.

Nimekwisha kusema kwamba kitu hakisemi uongo. Lakini kitu kina mkalimani, na mkalimani ni mtu. Mwaka 1974 mabomu yaliua watu 21 katika mji wa Birmingham. Waairishi sita walikamatwa, wakapigwa, wanne wakatia sahihi maungamo. Mtaalamu wa serikali aliipaka mikono yao dawa, akasema kwa mikono ya wawili kwamba ana yakini ya asilimia 99 kuwa walishika baruti kali. Baadaye ilidhihirika kwamba hata karata walizokuwa wakicheza garini-moshi zingeweza kuileta rangi ileile, kwa sababu ya kemikali iliyo katika ule mng'ao wake. (Mchezo wa karata siwashauri vijana wetu, lakini adhabu yake si kifungo cha maisha.) Waliachiliwa mwaka 1991, baada ya miaka 16. Dawa ilikuwa imesema tu, "Hapa pana kitu cha jamii fulani." Aliyeongeza "baruti" na "yakini" ni mwanadamu.

Hata vinasaba vyenyewe huweza kutiwa maneno kinywani. Mwaka 2012, huko California, vinasaba vya mtu fakiri asiye na makazi vilikutwa kwenye kucha za tajiri aliyeuawa nyumbani mwake. Fakiri akakaa mahabusi kwa miezi kadhaa, mpaka wakili wake alipogundua kwamba usiku ule wa mauaji alikuwa amelazwa hospitalini kwa ulevi. Wahudumu wa gari la wagonjwa waliomchukua yeye ndio hao hao waliokwenda kumhudumia marehemu saa chache baadaye. Walimbeba fakiri katika mikono yao bila kujua.

Mtume Mtukufu s.a.w. aliwaambia wenye kushitakiana kwamba yeye ni binadamu na huhukumu kwa anayoyasikia, na kwamba pengine mmoja wao ni hodari wa maneno kuliko mwenzake. Ikiwa yeye aliyekuwa akiletewa wahyi alisema hivyo juu ya hukumu zake, je, mtaalamu anayesimama kizimbani na kusema "hapana shaka yoyote" amejipa cheo gani?

Na msomaji asisahau jinsi kisa cha ile kanzu ya pili kilivyoendelea. Ilionekana imechanwa kwa nyuma. Mwenye nyumba aliiona, akakubali kwamba mkewe ndiye mwenye kosa. Na baada ya kuziona dalili zote hizo, wakaona afadhali wamtie Yusuf gerezani kwa muda. Ushahidi ulikuwa kamili, usio na mfano. Waliokosekana ni watu wenye nia ya kuufuata.

Basi kijana wangu nilimjibu hivi. Shati halina neno kuliko wewe, wala wewe huna neno kuliko shati. Nyote wawili ni mashahidi, na sharti lenu ni moja: kila mmoja aseme alichokiona akomee hapo. Wewe umeona nini? Umeona giza, ukalala. Waambie mahakama kwamba ulilala mapema, na kwamba asubuhi ulimkuta kaka yako nyumbani, ikiwa kweli ulimkuta. Usimwongezee saa hata moja kwa sababu unampenda, wala usimpunguzie kwa sababu unaogopa. Kisha mwambieni wakili adai shati lipimwe lote, kila doa peke yake, maana huenda damu ya ng'ombe ikawa kwenye mkono mmoja wa shati na damu nyingine ikawa mahali pengine; na aulize nani alilishika, lilifungwa ndani ya nini, na liliwekwa pamoja na vitu gani. Likionekana lina damu ya jirani, aulize kwamba imeingia vipi na lini, kwa kuwa hayo shati halitayasema. Na likionekana kuwa ni damu ya ng'ombe tupu, nyinyi mtakuwa mmepewa zawadi ambayo kiapo cha uongo kingeiharibu, kwani hakimu akiisha kukukamata katika uongo mmoja, ataitilia shaka hata kweli ya shati.

Juu ya mama yake niliona uzito kuandika. Yeye hataki uongo, anamtaka mwanawe. Nilimwomba kijana asimjibu kwa ukali, amwambie tu: mama, nikiapa uongo utakuwa na watoto wawili wenye kesi.

Jibu lake lilifika juma lililopita. Amekataa kuapa. Wakili amekwisha kuandika maombi ya kupima kila doa. Mama yake humwekea chakula mezani kama kawaida, lakini hajamsemesha tangu siku hiyo. Majibu kutoka kwa Mkemia Mkuu bado hayajarudi.